Kafi la Mama Esta Lilivyopanda Treni

Wenzangu wa kibanda cha chai pale Garsen, na nyinyi wa Ngao mnaonisimamisha njiani nikiwa na jembe begani, safari hii nimeisimulia mpaka mdomo umeota sugu. Na kila nikiisimulia, baada ya siku mbili naisikia ikirudi kutoka Tarasaa kwamba Baba Esta alikamatwa Ulaya kwa kupiga gari la mkate kwa kasia. Uongo mtupu. Sikukamatwa. Tena halikuwa kasia, lilikuwa kafi, na gari lenyewe nililigonga kwa adabu. Basi naandika mara moja, hatua kwa hatua, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe, mimi niendelee na kazi.

Ngao mpaka Garsen

Esta ni binti yangu wa pekee. Ni muuguzi, na huu ni mwaka wa nne anatunza wazee katika mji mmoja wa Ujerumani ambao siutaji jina kwa sababu sijaweza kulitamka. Huko akampata Klausi, fundi umeme, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu. Wakapanga kuoana, nikaitwa.

Marehemu mke wangu Roda mnamkumbuka. Alikuwa na mtumbwi wake mwenyewe, na hakukubali mwanamume yeyote amshikie kafi, hata mimi. Alivusha mpunga, alivusha wagonjwa, alimvusha Esta kwenda shule kila asubuhi huku mamba wakimtazama kwa heshima. Kafi hilo alichongewa na baba yake, na mpini wake umelainika kwa viganja vyake tu. Siku zake za mwisho aliniita, akaniambia kwamba Esta akiolewa, kafi limfikie mkononi siku hiyo hiyo kabla hajatia sahihi, na kuna maneno ya kumwambia wakati wa kumkabidhi. Akaniambia maneno yenyewe. Nikaapa. Mnanijua mimi ni mtu wa kupiga domo, lakini maneno yale sikumwambia mtu, hata Esta mwenyewe.

Jambo la pili lililonipeleka ni Galgalo. Kwa msiomjua, Galgalo ni Muorma mwenye ng'ombe wengi kuliko akili, rafiki yangu na adui yangu wa miaka thelathini. Tumegombana juu ya malka, ile njia tunayowaachia ng'ombe kati ya mashamba wapite kwenda kunywa maji mtoni, kwa sababu ng'ombe wake hawajui mpaka wa njia na mpunga wangu wanaujua sana. Kiorma changu chote nimejifunza katika ugomvi huo. Nina salamu, na nina kama maneno ishirini ya kufukuza ng'ombe. Zaidi ya hapo mimi ni bubu.

Esta alinitumia picha ya treni inayopita katikati ya barabara ya mji, mbele yake gari, nyuma yake gari, ubavuni baiskeli. Nikaionyesha kibandani. Galgalo aliigeuza simu juu chini, akasema picha siku hizi zinatengenezwa.

"Treni iko na njia yake," akasema. "Gari iko na yake. Kama malka na shamba. Hiyo mbili haiwezi tembea pamoja. Wewe Baba Esta naenda, naona na macho, nakuja sema."

Kwa hiyo niliondoka na mizigo miwili, kafi la marehemu na heshima yangu.

Basi la Mombasa lilichelewa pale Garsen karibu saa mbili kwa sababu abiria mmoja alikumbuka amesahau chaja, akarudi kuichukua kwa bodaboda, halafu akairudia bodaboda yenyewe kwa sababu alisahau simu. Wakati huo mimi nimekaa kiti cha mbele, kafi limesimama katikati ya magoti, limefungwa kwa leso ya Roda. Konda alilitazama muda mrefu, akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimesikia habari za mafuriko ambazo yeye hajazisikia. Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Tulipofika kwenye daraja alichungulia maji mara tatu, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alimpigia mumewe simu amwambie apandishe mbuzi mahali pa juu.

Angani

Habari za vibali na tiketi siandiki, hazina utamu. Nitasema tu kwamba katika kila uwanja wa ndege kafi lilipita kwenye mashine peke yake, na kila mara maofisa walikusanyika kwenye kioo kama wanaotazama mpira. Wa kwanza aliuliza kama ni silaha. Wa pili aliuliza kama ni la kuuzwa. Wa tatu alikuwa mtu wa Mungu, aliuliza liko wapi mtumbwi.

Ndani ya ndege nilikaa na mzee mmoja Mhindi aliyelala tangu tulipopaa mpaka tulipotua, akiwa ameniegemea bega. Chakula kilikuja katika visahani kama vya watoto kuchezea. Nilikula changu, nikala na cha Mhindi, kwa sababu kumwamsha mzee ni kukosa adabu na kuacha chakula ni dhambi. Alipoamka aliuliza kama chakula tayari. Nikatazama dirishani.

Tulipofika, mabegi ya watu yalizunguka juu ya mkanda, lakini kafi langu lilitoka kwenye mlango wa pembeni, pamoja na zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Kijana mmoja mwenye mbao zake alilitazama kafi moja tu nililoshika, akanitazama na mimi, akanipa dole gumba. Nadhani alidhani nateleza kwa mguu mmoja.

Treni ya kwanza

Esta alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Klausi aliniita "Baba" vizuri kabisa, akanivisha koti lake lililonifika kwenye vifundo vya miguu, tukatoka nje.

Hapo ndipo nilipoiona. Barabara ya lami, maduka huku na huku, watu wanavuka na mifuko ya mboga, gari dogo jekundu linakwenda polepole, na nyuma ya gari dogo jekundu inakuja treni. Treni nzima, ya manjano, mabehewa matatu. Reli zimezikwa ndani ya lami zimelingana nayo, hata baiskeli inapita juu. Inapiga kengele ndogo kama ya baiskeli. Ikafika kwenye taa nyekundu, ikasimama, bwana, ikangoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Nikasimama njiani nikicheka peke yangu. Nilikuwa nawaza sura ya Galgalo.

Niliuliza maswali mengi. Esta alinijibu kwamba inatembea kwa umeme wa waya ule juu, na kwamba gari likigongana na treni, siku zote mwenye gari ndiye mjinga. Niliona pia kwamba watu walishukia katikati ya barabara, na magari yote yalisimama mpaka mtu wa mwisho apande kando. Nikafurahi kuona adabu.

Mlango ndio ulionishinda. Nilisimama mbele yake nikingoja ufunguliwe, maana huwezi kuingia kwa watu bila kukaribishwa. Nikapiga hodi. Treni ikaondoka. Esta alikuwa ameshaingia kwa mlango mwingine, nikamwona anapita dirishani ameziba uso kwa mikono. Alirudi kwa miguu kunionyesha kwamba kuna kidude cha kubonyeza, ukikibonyeza mlango unafunguka wenyewe. Nikamwambia basi wajue kwamba huko kwetu mwenye nyumba ndiye hufungua.

Ndani niliwasalimu wote kama mtu anavyoingia mtumbwini. Hakujibu hata mmoja, isipokuwa mbwa mmoja aliyenitikisia mkia. Mbwa anapanda treni huko, na amekaa kwa adabu kuliko baadhi ya watu.

Majina ya steji yalikuwa marefu na yenye kukwaruza koo, kwa hiyo nikayapa ya kwetu, kwa kufuata Tana inavyoteremka kwenda baharini. Steji ya nyumbani kwa Esta nikaiita Hola, kwa kuwa iko juu kabisa. Inafuata Ndera. Ile ya katikati ya mji, penye ofisi ya serikali ambapo harusi ingefungwa, nikaiita Garsen. Baada ya Garsen ni Ngao, halafu steji mbili ndogo nisizozipa majina, na mwisho kabisa reli inapokwisha ni Kau. Esta alicheka sana, lakini kesho yake nilimsikia akimwambia Klausi kwa simu wakutane Ndera.

Jioni hiyo walitandika meza. Mkate, jibini, nyama baridi iliyokatwa kama karatasi, matango. Nikala kidogo kwa adabu nikiacha nafasi ya chakula chenyewe. Nikangoja. Klausi akaondoa vyombo. Nikaendelea kungoja. Saa nne nilimwita Esta pembeni nikamuuliza kama jikoni kumetokea msiba. Akaniambia chakula ndicho kile. Nikalala na njaa nikiwaombea Wajerumani.

Hola mpaka Garsen

Siku nne tulipanda treni ile pamoja, na siku ya nne nilijiona mwenyeji. Asubuhi ya harusi Esta alikuwa kwa msusi na marafiki zake, Klausi ametangulia, na mjomba wa Klausi alikuwa amepangwa kuja kunichukua kwa gari. Nikakataa. Nilisema mtu aliyevuka Tana ikiwa imefurika hawezi kubebwa kama mgonjwa kwa steji mbili. Harusi ilikuwa saa nane mchana. Nikaondoka saa tano na nusu, suti ya kijivu, koti la Klausi, kafi mkononi ndani ya leso.

Nilibonyeza kidude mwenyewe. Nikaingia, nikasalimu, hakuna aliyejibu, hapakuwa na mbwa. Kafi ni refu, watu walikuwa wengi, nikaogopa kumtoboa mtu jicho siku ya harusi. Nikalisimamisha nyuma kabisa, kati ya kiti na dirisha, nikakaa karibu nalo.

Tulipofika Garsen kulikuwa na mama kijana mwenye kigari cha mtoto, anahangaika kukishusha. Mimi ni mtu wa Ngao. Sikufundishwa kumtazama mama akihangaika na mtoto. Nikashika magurudumu ya mbele, tukashusha kigari, mtoto akanicheka, nami nikamchekea, mama akashukuru, nikasema karibu. Nyuma yangu milango ikafunga kwa pumzi ndogo.

Nilipogeuka niliona leso ya Roda kwenye dirisha la nyuma. Ilikuwa inaondoka.

Nikapiga mbio. Nasema mbio, na koti lile linaniingia miguuni. Na hapa ndipo treni ya barabarani inapokuwa na udhalimu wake, kwa sababu mbele kulikuwa na taa nyekundu, nayo ikasimama katikati ya magari, na mimi nikaifikia. Niliifikia kabisa. Nikabonyeza kidude, kikakataa. Nikagonga mlango. Nikaenda mbele nikagonga kwa dereva, nikaona mkono wake tu ukikataa, maana si steji na sheria ni sheria. Gari la nyuma likapiga honi. Abiria wote walinitazama kupitia vioo, na kafi nalo limesimama pale nyuma kama abiria mwenzao. Taa ikawa kijani.

Nilisimama katikati ya barabara ya watu nikilia, sioni haya kuandika. Sikuwaza harusi. Niliwaza Roda alivyonishika mkono nikaapa.

Kuteremka

Esta aliniambia baadaye kwamba huko, kitu kilichosahaulika kwenye treni unapiga simu ofisi fulani, unaeleza, unangoja siku tatu. Mimi simu nilikuwa nimeiacha mezani. Na hata ningekuwa nayo, mimi ni mtu wa mto. Kitu kikichukuliwa na maji Ngao, hupigi simu. Unashuka na ukingo, kijiji kwa kijiji, unauliza, mpaka Kau ikibidi, kwa sababu wa chini hudaka vya wa juu na huvitunza mpaka mwenyewe aje. Jembe langu liliwahi kurudi hivyo. Mlango wa choo cha shule pia. Na hupandi mtumbwi kukifuata, maana utakipita kimekwama kwenye matete. Unatembea.

Basi nikatembea, reli upande wangu wa kushoto, nikiuliza kila steji. Lugha sina, Kiingereza changu walikielewa nusu, nikawa naonyesha kwa mikono. Nikapiga kafi hewani, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha nikaonyesha treni. Steji ya Ngao watu wawili walisogea mbali. Steji iliyofuata, bwana mmoja mwenye miwani akaelewa mara moja. Akatabasamu, akanishika mkono, akaniongoza mitaa miwili mbali na reli, akipiga na yeye kafi hewani kunitia moyo. Nikajua Mungu ameniona.

Alinipeleka kwenye mfereji, mahali pa kukodisha mitumbwi. Msichana wa pale alinitazama suti, akanivisha jaketi la kuelea kabla sijasema neno, akaniletea kafi. La plastiki, jekundu. Yule bwana akapiga makofi. Ilinichukua muda mrefu kukataa bila kuwavunja moyo, na mwishowe nilizunguka mara moja na mtumbwi wao mbele ya ukumbi wao, kwa sababu walikuwa wameshauteremsha majini. Lazima niseme ni mtumbwi mzuri lakini hauna uzito, unateleza hovyo.

Nilirudi relini, saa ya mnara wa kanisa ikiniambia ni saa saba kasoro kumi. Nikaanza kukimbia tena.

Kau

Mwisho wa reli ni mahali pa kimya. Reli inazunguka kwenye majani kama mtu anayetafuta pa kulala, halafu inarudi ilikotoka. Treni moja ya manjano ilikuwa imesimama hapo. Kwenye benchi alikaa dereva, mtu mweusi mwembamba wa makamo, anakunywa chai ya chupa. Kafi la Roda limelala juu ya magoti yake, leso imekunjwa vizuri juu yake.

Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa. Kwa Kiingereza akanijibu kidogo kidogo kwamba kafi ameachiwa na dereva wa zamu iliyopita, akauliza nitathibitishaje kwamba ni langu. Nikamtazama ile pua, ule mkao wa kukaa kwenye benchi huku magoti yameelekea pembeni, nikamwona Galgalo mtupu. Nikajaribu.

"Nagaa," nikasema.

Dereva alisimama. Chai ilimwagika. Akanijibu salamu, ndefu, moja juu ya nyingine, kama wanavyosalimiana wenyewe, kisha akanimiminia maneno kwa kasi. Alikuwa Muoromo kutoka Ethiopia, jina lake Tolasa, na lugha yao na ya Waorma wetu ni ndugu. Sasa ilikuwa zamu yangu kujibu. Mnakumbuka Kiorma changu. Nilimtazama machoni nikamwambia, kwa heshima zote, nilichojua: kwamba ng'ombe wake wameingia shambani mwangu, kwamba awatoe haraka, na kwamba nikiwaona tena nitakwenda kwa chifu.

Tolasa alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akajifuta macho, akaniuliza polepole, neno moja moja ili nielewe, swali ambalo Galgalo huniuliza kila asubuhi hata siku tuliyogombana, ingawa anajua sina hata ndama. Aliuliza kama ng'ombe wazima.

Mimi mkulima, mjukuu wa wakulima, mwenye mpunga ulioliwa miaka thelathini, nikamjibu wazima. Nikamwambia wamenona. Akafumba macho kidogo. Kisha akanikabidhi kafi kwa mikono miwili. Nikamwonyesha kidole cha pete, nikaonyesha saa yangu, nikaonyesha juu, Garsen. Akaimwaga ile chai iliyobaki, akaingia treni yake.

Kupanda

Nilikaa nyuma ya dereva, kafi mikononi, siliachi hata kwa kukuna pua. Zamu yake ilikuwa saa saba na nusu na hakuweza kuondoka kabla hata dakika moja. Huko treni ikiwahi ni kosa kama kuchelewa.

Tulipanda vizuri mpaka karibu na Ngao. Hapo mbele yetu gari la mkate limeegeshwa, nusu kando, nusu juu ya reli, dereva hayupo. Basi lingezunguka. Baiskeli ingepita. Treni yenye uzito wa tembo ishirini ikasimama mbele ya mkate. Nawaambieni hili ndilo la ajabu kuliko yote niliyoona, kitu chenye nguvu kuliko vyote barabarani, ndicho pekee kisichoweza kukwepa. Tolasa akapiga kengele. Abiria wakatoa vitabu. Dakika tatu zikapita, tano, nane. Hakuna aliyepiga kelele.

Mimi hiyo kazi naijua. Nimeifanya maisha yangu yote. Nikamwomba Tolasa afungue mlango, nikashuka na kafi langu, nikaliendea gari lile, nikaligonga ubavuni mara mbili kwa bapa la kafi na kulifukuza kwa Kiorma changu chote, maneno yote ishirini, kwa sauti ile inayosikika ng'ambo ya mto. Mtaa mzima uligeuka kutazama. Kutoka dukani akachomoka bwana mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akaingia garini bila kuuliza, akaondoka. Nilipopanda tena, abiria wale wasiosalimu walikuwa wananipigia makofi, na kule mbele Tolasa amelalia vidude vyake vya kuendeshea kwa kicheko.

Huo ndio ugomvi wangu na polisi wa Ulaya mnaoutangaza.

Garsen

Esta alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi ya serikali, gauni jeupe, koti juu ya gauni, anatazama barabara ya kwenda Hola. Mjomba wa Klausi ameshatumwa nyumbani, hakunikuta. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Mimi nikashuka upande wa pili, nyuma yake, kwenye treni inayotoka kusikotazamiwa. Nikapiga hodi. Akageuka, akaona viatu vyangu vilivyolowa, jaketi la kuelea nililosahau kulivua, na kafi.

"Baba, nyumba iko kule. Unatoka wapi?"

"Kau," nikamwambia.

Akaelewa yote kwa mara moja. Akaanza kucheka, na mimi nikaona nikingoja amalize nitashindwa, nikamfungulia leso, nikamwekea kafi mikononi, nikasema maneno ya mama yake kama nilivyopewa.

"Mama yako alisema hivi. Kwenda, maji yatakupeleka yenyewe. Kafi ni la kurudi nyumbani."

Esta aliacha kucheka. Akapitisha kidole gumba pale kwenye mpini palipolainika, akakuta mahali pake. Klausi aliuliza nimesema nini, akafasiriwa, akalia yeye kuliko sisi sote, ndevu zote zimelowa. Karani akatoka kutuita. Esta aliingia na kafi, akatia sahihi na kafi kwapani, na katika picha zote za harusi liko, katikati yao, refu kuliko wote wawili.

Nyumbani

Galgalo nilimwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kwamba treni na gari wakikutana, nani anampisha nani. Nikamwambia magari yanaipisha. Akagonga meza.

"Basi iko malka," akasema. "Mimi nasema nini?"

Salamu za Tolasa nilimfikishia, na swali lake la ng'ombe, na jibu langu. Galgalo akakoroga chai isiyo na sukari ya kukoroga. Kisha akauliza kama kweli nilisema wamenona. Nikamwambia ndiyo, na si uongo, wamenona kwa mpunga wangu. Chai ya siku hiyo alilipa yeye.

Kafi liko kwa Esta, juu ya mlango. Wiki iliyopita alipiga simu kuniambia yeye na Klausi wanakuja Krismasi. Mtumbwi wa Roda ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya jiko tangu tulipomzika, sikuwa na moyo wa kuugusa. Nimeugeuza. Nimeziba nyufa mbili za chini, imebaki moja ya ubavuni, ndiyo maana mnaniona na lami mikononi na mnaulizana. Kafi jingine sikununua. Lile wanakuja nalo.